Kiingereza cha kidato cha kwanza: mwongozo kamili kwa mzazi ambaye mwanawe amesoma kwa Kiswahili

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara hujifunza hisabati, sayansi na jiografia kwa Kiswahili tangu anapoanza shule. Septemba anafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Januari anakaa kwenye dawati la sekondari, na karibu kila mwalimu anayeingia anafundisha kwa Kiingereza. Yanayobaki kwa Kiswahili ni somo la Kiswahili lenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili.

Mjadala wa jambo hili ni wa siku nyingi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Nina msimamo wangu katika mjadala huo, lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwakani hawezi kusubiri tumalize kubishana. Anahitaji msaada sasa.

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, na jambo ninalotaka ulishike ni moja: njia fupi ya kumfikisha mtoto kwenye Kiingereza cha masomo inapita katika Kiswahili alichonacho tayari. Anayejua vizuri kwa Kiswahili mvuke unatokana na nini, ana kazi ya kujifunza majina mapya tu. Asiyejua ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo mzazi ambaye hajui Kiingereza hata kidogo anaweza kusimamia sehemu kubwa ya yaliyomo humu.

HATUA YA KWANZA: PIMA ALIPO

Usianze kwa kununua chochote. Tafuta kitabu cha kidato cha kwanza cha Biolojia au Jiografia. Azima kwa mtoto wa jirani, au fungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwenye simu, ol.tie.go.tz, ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Chagua ukurasa wowote wenye maelezo, hesabu maneno 100, kisha mwombe mwanao apigie mstari kwa penseli kila neno asilolijua.

Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation wa New Zealand aliyeshughulikia msamiati kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba msomaji huelewa andiko bila msaada akiwa anajua takriban maneno 98 katika kila 100. Akiwa chini ya 95 huanza kuhangaika. Kwa hiyo mistari 2 maana yake kitabu ni chake, mistari 5 maana yake anakiweza akiwa na kamusi na subira. Ikizidi 10, kitabu bado hakijafikiwa. Usishtuke ukiona mistari 30, wala usimkemee. Unachotaka ni kujua mahali pa kuanzia.

Kisha fanya kipimo cha pili, ambacho wazazi wengi hukisahau. Mwulize jambo lilelile kwa Kiswahili. Kama ukurasa ulihusu mmeng'enyo wa chakula, mwambie akueleze chakula kinapita wapi na kinafanywa nini huko. Akikueleza vizuri, tatizo lake ni lugha tu, na linatibika haraka kuliko unavyodhani. Akibabaika hata kwa Kiswahili, rudini kwanza kwenye kitabu cha darasa la sita au la saba.

Hapa kuna jambo la kulielewa, hasa kwa mwenye mtoto anayesalimia wageni kwa Kiingereza cha kuvutia. Jim Cummins, msomi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alitofautisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Katika tafiti zake huko Kanada, watoto waliohamia kutoka nchi nyingine walizoea mazungumzo ya kila siku kwa kama miaka 2, lakini lugha ya vitabuni iliwachukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao. Na hao walikuwa wakisikia Kiingereza kila mahali, dukani, kwenye basi na kwenye televisheni. Mwanao anakisikia darasani tu. Akikuambia haelewi Fizikia wakati jana aliimba wimbo mzima wa Kiingereza, anasema kweli.

HATUA YA PILI: VITABU VIWILI, SEPTEMBA HADI JANUARI

Miezi hii minne ndiyo hazina ya mwongozo wote, na ndiyo inayopotea zaidi. Mtoto kamaliza mtihani, amechoka, anazurura. Mwache apumzike wiki mbili tatu, kisha muanze.

TET huchapisha vitabu vya shule ya msingi kwa lugha zote mbili: vya Kiswahili kwa shule nyingi za serikali, na vya Kiingereza kwa shule zinazofundishia Kiingereza, ambazo mitaani huitwa "English medium". Mtaala ni uleule. Maana yake mambo yaleyale aliyoyasoma mwanao kwenye Sayansi na Teknolojia ya darasa la tano yapo kwa Kiingereza chepesi, kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Sijaona nyenzo bora kuliko hii kwa mtoto wa umri huu, na ni ajabu jinsi tunavyoiruka na kukimbilia vitabu vya kidato cha kwanza.

Tuseme mada ni hali za maada. Siku ya kwanza mwanao anasoma kurasa mbili za Kiswahili, anafunga kitabu, anakueleza yabisi, kimiminika na gesi ni nini, na maji yanageukaje kutoka hali moja hadi nyingine. Kisha anafungua kitabu cha Kiingereza kwenye mada hiyohiyo, cha Kiswahili kikiwa pembeni. Atakutana na "solid", "liquid", "gas". Atakutana na "evaporation" na, kwa kuwa anajua sehemu hii inazungumzia mvuke unaopaa, atabahatisha kwamba ndiyo mvukizo. Mwache abahatishe kabla hajafungua kamusi. Neno alilolifikia kwa akili yake hukaa kichwani kuliko aliloambiwa.

Siku ya pili kitabu cha Kiswahili kinabaki kabatini. Anasoma cha Kiingereza peke yake, kwa sauti, kisha anakusimulia kwa Kiswahili alichosoma. Siku ya tatu vitabu vyote vimefungwa, naye anaandika sentensi tano za Kiingereza kuhusu mada hiyo: "Water is a liquid. When we heat water, it changes into vapour." Sentensi fupi zilizo sahihi zina thamani kuliko aya ndefu iliyonakiliwa. Akimaliza anafungua kitabu na kujisahihisha mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Nusu saa kwa siku inatosha; siku tatu za mada moja zikiisha, anzeni nyingine. Anzeni na sayansi, kwa sababu ina picha nyingi, halafu hisabati. Masomo ya jamii yafuate, maana lugha yake ni ndefu zaidi.

Pembeni ya vitabu vya masomo awe na kitabu cha hadithi. Maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba zina rafu za watoto, na uanachama si ghali. Pimeni kwa vidole: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu kirudishwe rafuni. Hadithi isomwe kwa raha, bila maswali na bila kamusi.

Kuhusu tuisheni ya "pre-form one", yaani ya kujiandaa na kidato cha kwanza, nina neno. Zipo nzuri. Lakini nyingi hunakilisha watoto muhtasari wa Fizikia na Kemia ya kidato cha kwanza, na mtoto hurudi nyumbani na kauntabuku lililojaa maneno asiyoyaelewa hata moja. Kabla ya kulipa, nenda ukasimame dirishani. Ukiona watoto wanasoma kwa sauti, wanaulizana na kujibu, lipa. Ukiona mwalimu anaandika ubaoni na watoto wameinama wananakili tangu mwanzo hadi mwisho, bakisha pesa yako ununue kamusi nzuri ya Kiingereza na Kiswahili.

HATUA YA TATU: DAFTARI LA MANENO

Chukua kauntabuku, gawa kila ukurasa safu nne: neno la Kiingereza, linavyotamkwa, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi aliyoitunga mtoto mwenyewe. Safu ya matamshi aandike kwa herufi za Kiswahili, kadiri sikio lake linavyosikia. Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa, na mtoto aliyezoea lugha ambayo kila herufi ina sauti yake atasema "i-sla-ndi" kwa "island" hadi mtu amwambie s haitamkwi.

Maneno manane kwa siku yanatosha. Siri iko kwenye kuyarudia: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Hapa ndipo mzazi asiyejua Kiingereza ana kazi nzuri sana. Shika daftari, funika safu ya kwanza, soma maana ya Kiswahili, yeye aseme neno na kuliandika. Wewe unalinganisha herufi tu.

Katika hisabati maneno yenyewe si mengi, na mtoto anayajua yote kwa Kiswahili. Sehemu ni "fraction", kiasi ni "numerator", asili ni "denominator". Namba shufwa ni "even numbers", namba witiri ni "odd numbers", namba tasa ni "prime numbers". Mzingo ni "perimeter", eneo ni "area", pembetatu ni "triangle", kipeuo cha pili ni "square root". Zile KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) alizozikokotoa tangu msingi zinamngoja kidato cha kwanza zikiwa na majina ya "LCM" na "GCF". Nimeona watoto wakikaa kimya wiki nzima kwenye somo wanaloliweza kabisa, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba ni jambo lilelile.

Tenga kurasa maalumu za maneno ambayo mtoto anadhani anayajua. Haya ndiyo hatari. "Table" anaijua kuwa meza, lakini kwenye hisabati ni jedwali. "Root" kwenye Biolojia ni mzizi, kwenye hisabati ni kipeuo. "Mean" anaijua kuwa kumaanisha, kumbe kwenye takwimu ni wastani. "Product" ni bidhaa dukani, na ni jibu la kuzidisha kwenye hesabu. "Power" ni nguvu, na ni kipeo. "Solution" kwenye Kemia ni mmumunyo, kwenye hisabati ni ufumbuzi. Neno jipya mtoto hulitafuta. Neno analolijua kwa maana nyingine hupita juu yake, na sentensi nzima humpotea bila yeye kujua kosa liko wapi.

Mwonyeshe pia kwamba maneno yana ukoo. Kwa Kiswahili anajua pika, pikia, pikwa, mpishi, mapishi. Kiingereza nacho kina "act", "action", "active", "actor", na "evaporate" huzaa "evaporation". Akijua kwamba "bio" ni uhai, "photo" ni mwanga, "geo" ni dunia, "sub" ni chini na "-meter" ni kipimo, maneno marefu ya sayansi huanza kufunguka yenyewe.

HATUA YA NNE: MAKOSA YANAYOTOKA KWENYE LUGHA YETU

Sarufi nzima haiwezi kuingia hapa, na vitabu vyake vipo. Nitataja yale tu ambayo mtoto wa Kiswahili hukosea kwa sababu Kiswahili chake kinamwelekeza huko. Ukimweleza sababu, kosa hupungua haraka, na hajioni mjinga.

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi: "anakuja" ni baba au mama. Kwa hiyo mtoto husema "my mother, he is coming". Tiba ni mazoezi ya mdomo. Aelezee picha za familia, mtu mmoja mmoja, kila siku kidogo.

Sisi huweka alama ya mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ile "a" ya "anacheza". Kiingereza kwa wakati wa sasa wa kawaida huweka "s" mwishoni: "she plays". Mtoto hulisahau kwa kuwa sikio lake linangoja alama upande wa mbele.

"A" na "the" humsumbua hata mtu mzima. Lakini tazama tunavyosimulia: "Nilimwona mtoto barabarani. Yule mtoto alikuwa analia." Mtoto wa kwanza hajulikani, wa pili tumeshamjua. Kwa Kiingereza wa kwanza ni "a child", wa pili ni "the child". Si kanuni yote, lakini inamtoa mtoto gizani kwa sehemu kubwa.

Umri: sisi tuna miaka 13, kwa Kiingereza mtu "yuko" miaka 13: "I am 13 years old". Njaa na harufu: sisi husikia, kwa hiyo mtoto huandika "I hear hunger". Aseme "I am hungry" na "I smell smoke". Kuazima: kwetu neno moja huenda pande zote mbili, kwa Kiingereza anayechukua "borrows", anayetoa "lends".

Maswali: sisi huuliza "Unakaa wapi?" na neno la kuulizia likakaa mwisho, hivyo mtoto huuliza "You live where?" Kiingereza hulitanguliza na kudai "do": "Where do you live?" Aandike maswali kumi ya aina hii kila wiki mpaka mkono uzoee. Na jibu la swali la kukanusha lina mtego wake. Ukimwuliza mtoto wa Kiswahili "Hujala?" atajibu "Ndiyo", akimaanisha ni kweli sijala. Kwa Kiingereza anayekubali kwamba hajala hujibu "No, I haven't". Mwalimu mgeni na mwanafunzi wanaweza kupishana hapo kwa siku nyingi.

Saa: siku yetu huanza kuhesabiwa asubuhi, ya Kiingereza usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa 6. Saa mbili ni "eight o'clock", saa nane ni "two o'clock", saa sita ni "twelve". Mtoto ajizoeze kwa ratiba yake mwenyewe ya siku.

HATUA YA TANO: SIKIO NA ULIMI

Kiswahili kina irabu tano tu na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi, na konsonanti hurundikana: "strength", "texts". Ndiyo maana "school" hugeuka "sikuli" na "ship" hufanana na "sheep". Mkazo nao kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, wakati kwao unahama: sema "photograph", kisha "photography", usikie jinsi uzito unavyoruka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linahitaji simu moja. Chagua kipande cha nusu dakika cha mtu anayesoma polepole. BBC Learning English wana vipindi vya aina hiyo vyenye maandishi yake. Mtoto anasikiliza mara moja bila kuona maandishi, mara ya pili akiyaona, kisha anasema pamoja na msemaji, akimfuata mgongoni. Mwisho anajirekodi peke yake na kujilinganisha. Pakua vipindi kadhaa mahali penye intaneti ya bure au siku ukiwa na bando, visikilizwe wiki nzima.

Hahitaji kuzungumza kama Mwingereza. Anahitaji kueleweka na kuelewa, na lafudhi ya Kitanzania haimpunguzii kitu.

Kuzungumza atafute mwenza: dada, binamu, rafiki wa darasa lile lile. Wakubaliane dakika ishirini za Kiingereza kila jioni juu ya jambo walilolichagua mapema, na kila mmoja aje ameandaa maneno matano. Bila maandalizi mazungumzo hufia kwenye "How are you? I am fine."

HATUA YA SITA: NDANI YA DARASA LA KIDATO CHA KWANZA

Januari ikifika, shule nyingi huanza na majuma ya kozi ya awali ya Kiingereza. Asikose hata siku moja, hata kama sare au viatu havijakamilika. Zungumza na mwalimu wa darasa, atakuelewa.

Baada ya hapo mpe mwanao utaratibu huu. Usiku wa kuamkia somo asome kichwa cha mada na maneno yaliyokolezwa wino, ayatafute maana, basi. Darasani aweke alama ya swali pembeni kila anapopotea, badala ya kuacha kuandika. Jioni asimulie somo kwa Kiswahili kwa mtu yeyote nyumbani, bibi akiwemo. Akishindwa kusimulia, hakuelewa. Halafu aandike sentensi tatu za Kiingereza za somo hilo bila kutazama daftari.

Mfundishe maneno ya amri yanayoanzisha maswali ya mtihani, maana wengi hupoteza alama kwa kujibu kisichoulizwa. "Mention" na "list" hutaka utaje tu. "State" hutaka utaje kwa sentensi fupi. "Define" hutaka maana. "Outline" hutaka hoja kuu kwa ufupi. "Describe" hutaka ueleze kitu kilivyo au kinavyotokea, "explain" hutaka pia sababu. "Distinguish" na "differentiate" hutaka tofauti, na tofauti lazima iguse pande zote mbili. Abandike orodha hii ukutani anapolala.

Mpatie kiunzi cha sentensi kwa kila amri. Kwa "explain": "This happens because..." Kwa "distinguish": "A... while B..." Kwa "define": "... is a ... which ..." Viunzi kama kumi hivi humtosha mtoto kusimama kwenye karatasi ya mtihani akiwa na pa kuanzia.

Jambo linaloniumiza ni kukariri. Mtoto anameza muhtasari mzima, na swali likija kwa maneno yaleyale anapata. Likibadilishwa neno moja, anaandika jibu la swali jingine. Njia ya kumgundua ni rahisi: chukua jibu alilolikariri, mwombe atoe mfano wake mwenyewe kutoka hapo mtaani kwenu. Kama alikariri msuguano, akuambie kwa nini tairi la bodaboda lililokwisha linateleza. Akiweza kwa Kiswahili, mwambie ajaribu kwa Kiingereza kibovu, mkirekebishe baadaye.

KISWAHILI KIENDELEE KUKUA

Kuna shule zenye vibao vya "No English, no service", na kuna zinazoadhibu mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili. Nawaelewa walimu wenzangu. Wanaogopa matokeo. Lakini mtoto anayeogopa fimbo hazungumzi Kiingereza, ananyamaza. Haulizi swali, haombi kurudiwa, na kimya hicho hufuatana naye hadi kidato cha nne. Kama shule ya mwanao iko hivyo, nenda kwa mwalimu wa taaluma kwa heshima, umwombe watoto wa kidato cha kwanza waruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili wanapokwama, wajibiwe kwa Kiingereza chepesi. Wengi watakubali.

Nyumbani zungumzeni lugha yenu. Mzazi anayejilazimisha Kiingereza cha kuokoteza na mwanawe humnyima mazungumzo yenye kina, na mazungumzo yenye kina ndiyo yanayomjengea akili ya kueleza, kubisha na kulinganisha. Uwezo huo huhamia kwenye lugha ya pili, na hilo ni sehemu ya aliyoyaandika Cummins. Mtoto wa Kisukuma au Kimaasai, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, asikatazwe ya kwanza. Awe na wakati pia wa kusoma riwaya na magazeti ya Kiswahili, na insha zake za Kiswahili zisahihishwe kwa ukali uleule. Lengo ni mtu wa lugha mbili kamili, na kidato cha pili kisimkute amepungukiwa zote.

RATIBA NA VIPIMO

Ratiba iwe nyepesi ili idumu. Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa ya vitabu au sentensi na dakika kumi za daftari la maneno. Jumamosi, kusikiliza na kujirekodi. Jumapili, hadithi peke yake. Kazi za nyumbani zinajulikana, hasa kwa mabinti zetu, ambao mara nyingi hukabidhiwa ndoo na jiko mara wanapovua sare. Ile nusu saa ilindwe, na kaka ashike ndoo.

Mwezi wa Juni wa kidato cha kwanza rudia kipimo cha maneno 100. Mistari ikiwa imepungua kwa nusu, mnakwenda vizuri. Desemba anatakiwa aweze kusoma ukurasa wa Jiografia na kukusimulia hoja kuu bila kamusi, na kuandika aya ya sentensi nane ambayo mtu mwingine anaielewa. Mwaka unaofuata, kwa kawaida Novemba, unakuja Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao ndio mlango wa kidato cha tatu. Kuanzia Juni wa mwaka huo apate karatasi za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) za miaka iliyopita, zinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya shule. Kabla ya kujibu lolote, azungushie duara neno la amri la kila swali na kuandika pembeni, kwa Kiswahili, anachotakiwa kufanya.

Ikiwa yuko tayari kidato cha pili na bado mistari ni 20 katika maneno 100, punguzeni masomo ya kushughulikia nyumbani yawe mawili, lile analolipenda zaidi na Kiingereza chenyewe, na rudini kwenye vitabu viwili vya darasa la tano. Ataona aibu kusoma kitabu cha watoto wadogo. Kifungeni jalada la gazeti, asome kwa miezi miwili, kisha mpime tena.